Figo Zilizokosa Damu

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Baba yu hai. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, la sivyo usingesoma kwa utulivu.

Yale maumivu yake ya tumbo hayakuwa vidonda vya tumbo. Kijiwe kilitoka kwenye mfuko wa nyongo, kikaziba njia, na kongosho, ile tezi iliyojificha nyuma ya tumbo, likavimba vibaya. Ajabu ni kwamba liliugua kongosho, zikagoma figo. Mfuko wa mkojo kando ya kitanda ulikaa mkavu, na huku Baba anamiminiwa dripu moja baada ya nyingine, uso umemvimba hadi macho hayaonekani.

Fundi bomba hakosi neno. Nilimwambia daktari kuwa huko chini lazima kumeziba. Hakunicheka. Aliniuliza inakuwaje kwenye ghorofa bomba kuu likivuja. Nikamjibu kuwa mabomba ya juu yanakauka, hata kama ni mazima. Akasema ndivyo ilivyo kwa Baba: uvimbe wa kongosho umeusumbua mwili mzima, mishipa inavujisha maji, presha ya damu imeshuka, na mwili umeibana mishipa ya figo ili damu iliyobaki ifike kwenye moyo na ubongo. Haki ya Mungu, dada. Miaka yote nafunga mabomba, sijawahi kuona mtambo unaojua wenyewe nani anyimwe ili nani apone.

Walikitoa kijiwe, wakampa dawa za kupandisha presha, mashine ikawa inamsafisha damu. Hakuna aliyeniahidi kwamba figo zitaamka. Kisha asubuhi moja muuguzi akainua mrija kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nione. Matone. Mtu mzima mimi, nililia kwa sababu ya mkojo. Sasa Baba anakojoa vizuri, na analalamika kuwa chakula cha hospitali hakina chumvi.

Kuna jambo moja. Zile figo ziliponyamaza kabisa, nilimwambia daktari kuwa mgonjwa ana binti mwenye afya ya chuma, achukue moja kwako. Sikukuuliza. Daktari akanitazama, akauliza, na mimi je? Nikajifanya simu inaita. Niliporudi akaniambia kwa sasa haihitajiki figo ya mtu yeyote, figo za Baba hazijafa, zimekosa damu tu. Nikashusha pumzi. Mpaka leo sijui kama niliishusha kwa ajili ya Baba au kwa ajili yangu.

Baba nimemweleza. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaniagiza nikuandikie mwenyewe.

Msalimie shemeji, watoto wabusu mashavuni. Njoo umwone Baba. Nitakusubiri kituoni, na ukitaka kunichapa, nichape hapohapo mbele za watu.

Ni mimi mdogo wako mwoga,
Fundi