Jicho la Kulengea

2 Februari

Kwa kitindamimba wangu,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Kifua kimekuachia? Sisi huku wazima, isipokuwa jicho langu. Ukiona herufi kubwa hivi usidhani nimeanza kukuona mtoto tena. Ndogo sizioni.

Daktari wa macho amethibitisha. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ila la kulia limetangulia. Nikamwambia, "Daktari, wanangu wote wamehama, huyu ndiye pekee aliyebaki nami nyumbani, nawe unataka kumtoa?" Alicheka mpaka akaweka kalamu mezani. Kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku ile limenikosesha raha: "Mama, baada ya hapo unataka kuona nini?"

Mimi nilidhani wanafuta ukungu, basi. Kumbe wanatoa lenzi niliyozaliwa nayo wanaweka ya kutengenezwa, nayo haijinyooshi na kujikunja kama ya Mungu. Wakiweka ya mbali, nitaona barabara na sura za watu, lakini tundu la sindano mpaka miwani. Wakiweka ya karibu, sindano naiona, barabara inakuwa moshi. Iko na ya kuona kote kote, ila anasema taa zinaota pete na weusi wa vitu unafifia. Ukishachagua umechagua.

Sasa, Jumamosi zangu za klabu ya kulenga shabaha unazijua. Jicho la kulia ndilo la kulengea. Mwenye bunduki ya upepo haikodolei shabaha. Anatazama kile kijichuma kilichosimama mwishoni mwa mtutu, kiwe kikali kama wembe, na lile duara jeusi kule liachwe na ukungu wake. Kijichuma hicho hakiko mbali wala hakiko karibu. Kiko katikati, mahali ambapo pale hospitali hakuna mwingine anayetaka kuona kitu.

Dada yako anasema nisithubutu kutaja bunduki mbele ya daktari, ni aibu kwa mama wa umri wangu. Wewe unasemaje? Niandikie. Kwenye simu tunaulizana tu "unanisikia?" mpaka salio linakwisha.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Kifua kinakwenda hivyo hivyo. Ghala hili la nyama iliyogandishwa linamkohoza kila mtu, mpaka msimamizi, na yeye hukaa ofisini. Poleni na joto la huko, ambalo ningelinunua kama linauzwa.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwenye duka la miwani nikamweleza muuzaji habari zako. Anasema wengi huchukua ya mbali, kisha wanavaa miwani ya kusomea. Nilipomtajia bunduki alinitazama kama naulizia kwa ajili yangu, na kwa nia mbaya. Nikatoka.

Dada amenipigia. Anasema sare za shule zimejaa mezani na wewe unapitisha uzi kwa kupapasa. Mama, usinikasirikie. Kulenga ni kujifurahisha, cherehani ni riziki. Chukua ya karibu. Bunduki unaweza kuiacha. Kushona utaachaje?

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima. Natumaini nawe.

Barua yako nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, neno baada ya neno, na maneno yakisomwa polepole yanauma zaidi.

Cherehani niliikalia kwa sababu baba yenu alikufa na ninyi mlikuwa na midomo. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda. Kule klabuni sikupelekwa na mtu. Nilikwenda kupima mapazia ya ukumbi wao, nikaona watu wamesimama kimya wakilenga, nikaomba kujaribu. Mapazia yao yalichelewa sana. Nikishika pumzi pale, kabla ya kufyatua, hakuna anayeniita mama wala fundi, wala hakuna suruali ya mtu inayonisubiri. Ile riziki ilikuwa yenu, mwanangu, nami sijutii. Hii ni yangu.

Kwa hiyo nilimwambia daktari kila kitu. Hakucheka. Alisema, "Nenda kapime kutoka jichoni hadi kwenye hicho kijichuma, uniletee." Kapteni akanishikia futi yangu ya kupimia nguo huku nimelaza shavu kwenye kitako cha bunduki. Huyu Kapteni ndiye mtunza bunduki wetu. Jeshini hajawahi kukanyaga, ukapteni ni wa mpira wa ujana wake. Daktari akanivalisha fremu ya majaribio, akabadilisha vioo mpaka nikasema hapo hapo. Tumekubaliana: jicho la kulia liwe la kijichuma, la kushoto baadaye liwe la sindano.

Upasuaji ni katikati ya Aprili. Ruhusa sikuombi. Nakuomba uniambie heri.

Mama yako

27 Machi

Shikamoo Mama,

Heri, Mama. Heri na tena heri. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nimeona haya.

Nilikwenda kwa msimamizi kuomba likizo nije nikushike mkono. Akauliza, "Mama yako anakufa?" Nikasema hapana, ni jicho. Akasema, "Jicho ni dogo," akarudi kwenye chai yake. Mkataba wangu unakwisha mwakani, na anayeondoka kabla ya hapo hapokelewi tena. Siku ile nitakuwa napanga maboksi huku mawazo yangu yako kwako. Ukitoka tu, niandikie, hata kwa herufi kubwa kama mlango.

Mwanao

2 Mei

Mama shikamoo,

Wiki zinapita na barua hakuna. Nikimpigia dada anasema, "Mama anapumzika." Nikipiga tena, Mama amelala. Nikiuliza jicho, anasema, "Linaendelea," halafu ananiuliza hali ya hewa. Dada hajawahi kujali hali ya hewa ya huku.

Kama kuna neno, liseme. Hata kama ni baya, nitaweza kulibeba kuliko hili la kutojua. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vya kazi mguuni, na sina pa kwenda wala cha kufanya.

Mwanao

25 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Nisamehe kukuweka roho juu. Nilimkataza dada yako asiseme, kwa sababu nilitaka kwanza nijue mwenyewe cha kusema.

Siku ile nilikuwa macho, wanakutia ganzi tu. Nilisikia daktari akizungumza nami kwa upole, halafu akanyamaza. Mtu anayefanya kazi kwa mikono yake namjua kwa kunyamaza kwake. Mimi mwenyewe mkasi ukikata pasipotakiwa hunyamaza hivyo. Kisha akamwambia nesi, "Niletee ile nyingine."

Kuna kifuko chembamba ndani ya jicho ambacho lenzi hukalia. Changu kilichanika. Alinieleza baadaye, ameketi, mikono magotini. Hutokea, alisema, hata kwa mkono uliozoea, na changu kilikuwa kimechakaa kuliko ilivyoonekana. Ile lenzi tuliyoipimia haikuwa na pa kukaa. Wakaweka ya aina nyingine inayokaa mbele kidogo, iliyokuwepo kabatini, na iliyokuwepo ni ya mbali.

Naona, mwanangu. Usilie. Nyumba ya jirani naona mpaka ufa wa ukuta wake. Nilisubiri wiki, nikasubiri nyingine, kisha nikaenda klabuni. Nikalaza shavu. Duara jeusi lilikuwa safi, sijapata kuliona safi vile. Lakini mwishoni mwa mtutu hapakuwa na kitu. Palikuwa na kama unywele uliolowa maji, unakuja, unagawanyika, unapotea. Nilishika pumzi mpaka kichwa kikazunguka. Kapteni akajaribu kunivalisha miwani, akanikatia kikaratasi chenye tundu, akanihamishia bega la kushoto, ambako jicho bado lina ukungu wake. Mwisho alikaa kwenye benchi akasema, "Mama, mimi sijui tena."

Laiti ningekuwa na wa kumkasirikia. Daktari hakuzembea. Dada yako amerudi kukaa nami, ananipikia na hasemi "nilikwambia." Hasira ipo, lakini kila mlango ninaoipelekea hauna mwenyewe.

Mama yako

14 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui niandike nini. Nilianza barua hii na ushauri, nikaichana. Nikaanza na pole, ikaonekana ndogo.

Nilimwuliza yule muuzaji wa miwani kama lenzi inaweza kubadilishwa. Alisema iko njia, ila kwa jicho lililokwisha kuchanika ni kucheza na moto, na hakuna atakayekuahidi. Nimekuandikia kwa sababu ni kweli, si kwa sababu inasaidia. Nikaenda tena kwa msimamizi. Safari hii hakuuliza kitu, alitikisa kichwa tu kabla sijafungua mdomo.

Jicho la kushoto je?

Mwanao

3 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na asante kwa kutonishauri.

Klabuni bado nakwenda Jumamosi. Bunduki nimeirudisha kwenye kabati la wote, na binti mmoja mwalimu ameizoea. Ana mkono mtulivu. Mimi nakaa nyuma ya mstari. Wamegundua kwamba naona karatasi ya shabaha kuliko wao, basi wakifyatua wanageuka, "Mama, imeingia wapi?" Nawaambia, juu kulia, chini kidogo. Wanafurahi. Nikifika nyumbani nakaa na kofia kichwani mpaka dada yako ananiuliza kama natoka tena.

Umeuliza la kushoto. Ukungu umezidi, sare zimerudishwa kwa wenyewe, na sasa hata chumvi na sukari natofautisha kwa ulimi. Ni lazima lifanywe. Jumatano daktari ataniuliza tena nataka kuona nini. Dada yako anasema sindano. Kapteni anasema kijichuma, nijifunze bega la kushoto, sijachelewa. Nami usiku nafikiria kifuko kile chembamba, na kwamba naweza kuchagua vizuri, nikapima vizuri, halafu nikasikia tena mtu akinyamaza juu ya uso wangu. Nimefungua mdomo mara nyingi peke yangu hapa mezani kufanya mazoezi ya jibu. Halitoki.

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumatano. Kwa hiyo usiniombee nichague vema. Niombee kama mtu aliyekwisha kujibu.

Mama yako