Nyama Iliyokataa Kuiva

Minjila,
Jumamosi, 18 Januari 2025

Kwa Mama mkwe wangu, Bi Nana,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yawe yamekupunguzia maumivu. Huku Najib ana mafua kidogo, Batula hajambo, nami naamka na kwenda kufundisha kama kawaida.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila tukizungumza kwa simu, mmoja wetu huikata. Menza, yule mchuuzi, akija Kipini kuchukua samaki atakukabidhi mkononi.

Mama, shida yangu ni ndogo. Marehemu Nuriya alikuwa akitupikia nyama ya shingo kila Jumamosi. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa Bulle mwenye buchari, na ndiyo ngumu kuliko zote. Lakini yeye aliinjika baada ya adhuhuri, na ikifika magharibi nyama ilikuwa ikiachana na mfupa yenyewe. Watoto waligombania mchuzi wa chini ya sufuria.

Tangu tumzike, miezi minne sasa, nimejaribu karibu kila wiki. Leo nimeichemsha kwa muda wa saa mbili, moto mkali, nikaongeza maji, nikaongeza makaa. Najib ametafuna mpaka taya zikachoka, akawa anatoa vipande mdomoni na kuvipanga kando ya sahani kama kokoto. Batula hakuitia mkono. Kasema, "Ahsante baba, nimeshiba." Na hakuwa amekula kitu tangu chai ya asubuhi.

Mimi ni mtoto wa Waorma. Ng'ombe namjua akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Kwetu tulikunywa maziwa, na nyama ilichomwa siku ya sherehe. Basi naomba uniandikie ulivyomfundisha Nuriya: maji kiasi gani, moto gani, viungo vitiwe lini. Ni hilo tu.

Na kuhusu watoto kuhamia kwako, jibu langu ni lile lile.

Mkweo,
Diba


Kipini,
26 Januari 2025

Kwa mkwe wangu Diba,

Wa aleikum salaam. Magoti umeyauliza, basi yako vile vile. Kupanda gari siwezi, kupanda hata kizingiti ni kazi. Wabusu wajukuu wangu kwenye paji la uso, maana mimi wa kuwabusu sipewi nafasi.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili imenichoma. Miezi minne unawalisha watoto kokoto, halafu unaniomba nikuandikie kwa kalamu kitu ambacho mtu hujifunza kwa kusimama jikoni na kuungua vidole! Nyama haipikwi kwa barua, Diba. Mwalimu mzima hulijui hilo?

Nilikwambia siku ya arubaini na leo nakwambia tena. Hapa kwangu samaki wanaingia kila alfajiri, chuo cha Kurani kiko hatua chache na mlango, na mimi nipo kutwa nzima. Nuriya ulimchukua ukampeleka kwenye mbu na matope ya mto, nikanyamaza kwa kuwa alikupenda. Sasa hayupo. Nimebaki na nini mimi?

Walete watoto. Nitawapikia mwenyewe, nawe ukija kuwatazama utaionja.

Mkweo,
Bi Nana


Minjila,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwa Bi Nana,

Assalaam aleikum. Hujambo, na jirani zako hawajambo? Sisi tuna jambo.

Uliponinyima nilikwenda kumuuliza Bulle. Akaniambia, "Mwalimu, tia magadi kidogo tu, hata kiatu kitalainika." Nikatia kijiko kizima. Povu likapanda likamwagikia makaa, jikoni kukajaa moshi na majivu. Nyama ililainika kweli, lakini ilikuwa na ladha ya sabuni. Nikaimwaga yote nyuma ya nyumba. Paka wa jirani aliinusa akaenda zake.

Ningecheka, Mama, kama ingeishia hapo. Alhamisi asubuhi Batula alianguka paredi mbele ya shule nzima. Nilimbeba mwenyewe mpaka zahanati. Nilipomwinua, alikuwa mwepesi kama alivyokuwa darasa la pili. Wakampima malaria, hana. Muuguzi akaniuliza mbele ya foleni ya watu, "Mwalimu, mtoto huyu anakula?" Baadaye wenzake wa darasa wakaniambia kuwa hata chakula chake cha mchana huwagawia.

Sasa nikuulize wewe. Natoka kazini alasiri, nafua, nawasha jiko, nakatakata vitunguu huku nikisahihisha madaftari. Si mvivu na si mlevi. Kitu kimoja tu nilikuomba, unacho, ukanikatalia ili nishindwe. Haya, nimekaribia kushindwa. Ndivyo ungependa uwapate wajukuu wako, wakiwa mifupa?

Sitaandika tena.

Diba, baba yao Batula na Najib


Kipini,
15 Februari 2025

Kwa Diba,

Wa aleikum salaam wa rahmatullah. Sikuulizi hali, umeshanieleza. Tangu Menza aniletee barua yako usingizi umenikimbia.

Nitakwambia kitu, na ukitaka kunicheka nicheke. Nyama hiyo mimi siijui. Sikumfundisha Nuriya. Nyumba yangu tangu ya mamangu ni nyumba ya samaki. Ng'ombe tulimwona Iddi kwa Iddi, na tulimkaanga vipande vidogo. Nuriya alipoolewa alikuwa hajui hata shingo inakatwa upande gani.

Alijifunza kwako huko. Mwaka wenu wa kwanza, ule wa ukame, ng'ombe wa baba yako walipokuwa wakichinjwa kabla hawajaanguka, alikuwa akinipigia simu akilia. "Mama, mume wangu hali. Anakaa akitazama zizi tupu. Nimempikia nyama, ni ngumu, anaitafuna kimya na kusema ahsante." Nikamwambia aache, apike wali. Akakataa. Kila wiki alijaribu tena. Moto mdogo, mara mkubwa, mara asubuhi, mara mchana. Alikuwa akinipa habari za sufuria ile kama mtu anayenipa habari za mgonjwa. Mpaka siku moja akapiga simu akicheka: "Mama, leo ameomba kuongezwa!"

Hukuyajua haya? Kumbe kweli hukuyajua. Nyama ile alimpikia mume wake. Watoto walikuja wakaikuta.

Utauliza kwa nini sikukwambia mapema kuwa siijui. Ningekwambia hivyo, ningebaki na nini cha kuwapa wajukuu wangu? Niliona aibu, na aibu nikaivisha nguo ya hasira.

Kwa wiki hii nimenunua shingo mara mbili, nikajaribu kukumbuka maneno yake. Ya kwanza iliungua. Ya pili ilielekea kuiva. Alikuwa akisema haraka ndiyo inayoikaza nyama, na kwamba ukifunua funua mfuniko unaufukuza mvuke wake. Maji kidogo tu, makaa machache, na majivu juu yake.

Jumamosi ijayo nitapanda gari, magoti yatajijua. Nunua shingo, lakini usiwashe moto kabla sijafika.

Bi Nana


Kipini,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mwanangu Diba,

Assalaam aleikum. Nimefika salama. Magoti yamevimba kama maboga, lakini nayasugua mafuta ya nazi na hayanisumbui kama hili ninalotaka kukueleza. Jana asubuhi nilitaka kukwambia uso kwa uso, nikashindwa.

Kwanza, lile begi langu jeusi ulilonishushia kwenye gari ukasema, "Mama, mbona jepesi?" Lilikuwa tupu. Nilikuja nalo nitie nguo za watoto. Nilikuwa nimekusudia, nyama ikiiva au isiive, nirudi nao. Unisamehe.

La pili ni la Batula. Uliona mwenyewe alivyokula Jumamosi: sahani mbili, na mchuzi akaufuta kwa mkate. Ukafurahi, ukanishika mikono ukasema, "Tumeipata, Mama, tumeipata!" Diba, nyama ile ilikuwa bado na ukaidi karibu na mfupa. Wewe pia uliihisi. Si nyama iliyomfanya ale.

Ulipomchukua Najib kwenda kuswali alasiri, tulibaki jikoni mimi na Batula, tunalinda yale makaa. Alikuwa mchangamfu, anaimba. Nikamwambia, "Batula, baba yako anasema huli."

Akasema, "Leo nitakula."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu umekuja."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniangalia kama mtu anayemweleza mtoto. "Bibi, si wewe ulimwambia baba kwenye simu, 'Siku utakaposhindwa nitakuja'? Ulipiga kelele, nikasikia. Basi nikangoja ashindwe. Alikuwa hashindwi, kila wiki anajaribu tena. Nikaona nikila atasema ameweza, na wewe hutakuja."

Mtoto alikuwa akijinyima chakula ili mimi nije, mwanangu. Nikamuuliza, "Na nikija kuwachukua, mtakwenda nami Kipini?" Akaacha kuimba. Akasema, "Na baba abaki na nani?"

Nilijifanya natazama makaa, mato yangu yamejaa maji. Na begi nimerudi nalo kama nilivyolileta.

Usimpige wala usimkaripie. Kama kuna wa kukaripiwa, ni aliyepiga kelele kwenye simu.

Mamako,
Bi Nana


Minjila,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Mama,

Wa aleikum salaam. Pole kwa magoti. Batula anasema uyakande kwa maji ya chumvi, na Najib anasema uje na samaki wa ng'onda, wale waliokaushwa.

Barua yako niliipata Jumatatu jioni, na kesho yake kutwa nzima nilikuwa na hasira hata wanafunzi walinikwepa. Nilikukasirikia wewe. Nilimkasirikia Batula, mtoto wa miaka kumi na miwili kunifanyia hesabu kama hiyo. Kisha nikakumbuka kuwa sisi wawili ndio tuliompa hesabu yenyewe, na mimi nilikuwa nikipiga kelele upande wangu wa simu vilevile.

Jana shule zilifunga mapumziko ya katikati ya muhula. Nilikwenda kwa Bulle, nikanunua shingo, nikamwita Batula jikoni. Nikamwambia najua. Alijikunyata akingoja kofi. Nikampa kisu amenye tangawizi. Tukakaa pale kwa muda wa saa tano, mimi na yeye, mfuniko haukufunuliwa. Mara kwa mara aliniambia, "Baba, acha. Bado." Karibu na magharibi akaanza kulia, Mama, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Nikamshika mpaka kikaisha.

Nyama iliiva. Safari hii mpaka mfupani. Tulikula watatu, hakuna aliyepanga kitu kando ya sahani.

Nimetoa madaftari na vitabu vyangu chumba cha mbele, na fundi ameshatengeneza dirisha. Chumba chako si kikubwa, lakini hakina kizingiti. Watoto watasoma hapa, hilo halibadiliki. Ukichoka na mbu wetu, likizo ya Aprili twende wote kwako Kipini. Mwezi wa kufunga unaingia siku mbili tatu hizi. Jumamosi asubuhi nitakuja kukuchukua mwenyewe, usihangaike na magari peke yako.

Sikushindwa, Mama. Njoo hivyo hivyo.

Mwanao,
Diba