Mgeni Amerudi na Kiu Yake

Baba,

Shikamoo. Nikinyamaza kidogo nasikia unavyoitikia, "Marahaba, mwalimu," kama vile mimi ndiye mkubwa na wewe ndiye umekuja shuleni.

Nakuandikia nikiwa Rabai, nimekaa kwenye ukingo wa kaburi lako. Saruji ni mpya na ina joto. Leo tumekujengea. Msalaba umesimama, pasta ameomba, na sasa watu wanakula wali kwa nyama ya mbuzi chini ya turubai. Mama amekaa na Shangazi. Zawadi, mdogo wetu, amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, nzi wanamtembelea. Nimesema nataka kukaa nawe kidogo na hakuna aliyeshangaa. Wamezoea mimi kwenda kando na daftari.

Lakini sikuja kando kulia, Baba. Naogopa. Kutoka hapa naliona gari lako kwenye kijia cha kuingilia bomani, pua imeelekea barabarani. Chakula kikiisha tutaingia sote ndani yake turudi Mikindani. Tutateremka ule mteremko wa Mazeras. Kaka Karisa ndiye atakayeendesha.

Ndiyo. Mgeni amerudi.

Unakumbuka siku uliyomleta? Alikuwa wa tajiri mmoja wa Nairobi aliyechoka kumnywesha. Injini kubwa ya petroli, mwili kama nyumba. Ulimpata kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mwenye akili alitafuta la dizeli. Mama alilizunguka gari mara moja, akakuuliza, "Hili hula nini?" Ukamjibu, "Hula kama mgeni. Kwanza yeye, kisha sisi." Jina likashika papo hapo. Kutoka hapo, asubuhi kabla ya chai ulikuwa unakwenda kituo cha mafuta pale Changamwe, na Mama akikupigia simu neno lake la kwanza ni, "Mgeni amekula?" Nawe unamjibu, "Kidogo tu, asije akazoea." Tulicheka sana. Siku hizi nikikikumbuka kile kicheko najiuliza ni nini hasa tulichokuwa tunakicheka, kwa sababu mwezi ambao Mgeni alikula vizuri mimi nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Ulijifunza kumbana. Uliing'oa ile keria ya paa, ukasema inashika upepo na upepo unalipiwa. Magurudumu uliyajaza hadi yakawa magumu. Watalii wa Shanzu walipokuwa ndani uliwasha ubaridi wa gari, wakishashuka tu mlangoni mwa hoteli ulizima, ukarudi nyumbani shati limekuganda mgongoni. Uliendesha bila kiatu, ukigusa pedali ya petroli kwa kidole gumba. "Kiatu hakina adabu," ulisema. "Chakanyaga bila kuuliza."

Na juu ya Mazeras ulizima injini.

Nilipokuwa mdogo ile ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya safari. Ulingoja tufike pale barabara inapoinama, ukaitoa gia ukaweka nyutro, ukageuza ufunguo, na lile dubwana likanyamaza. Ghafla nilisikia upepo, magurudumu, sarafu zikicheza kwenye kisahani cha gia. Kule mbele niliona paa za Miritini, na mbali zaidi winchi za bandari pale Kipevu zimesimama kama zinatungoja. "Sikiliza, mwalimu," uliniambia kwa sauti ya chini. "Sasa twala bure." Tukateleza hivyo hadi karibu na chini, kisha ukageuza ufunguo, Mgeni akaamka akikohoa, nawe ukampigapiga usukani: "Pole, bwana, twende."

Nilikipenda kimya kile. Sasa nakiogopa.

Mwaka jana ulikuwa unarudi peke yako kutoka Tsavo na hukufika chini. Polisi walisema breki zilikatika. Wengine walisema ni lori lililosimama vibaya. Kwenye matanga mzee mmoja alisema Mazeras ina wenyewe na kila msimu huchukua mtu. Mama alichukua lile la breki. Alilikunja akaliweka moyoni, na limemsaidia kulala.

Baba, breki hazikukatika.

Fundi Juma alitwambia, mimi na Karisa, tulipokwenda kwenye gereji yake Chaani kuliona gari. Alikuwa amelala chini ya Mgeni, miguu tu inaonekana, na alisema akiwa huko huko chini, labda ili asituone. "Breki nzima, wallahi. Mabomba mazima, mafuta yake yamo." Kisha akatoka, akajifuta mikono kwa muda mrefu, akasema ufunguo aliukuta umegeuzwa upande wa kuzima.

Karisa akamjibu haraka, "Mzee alizima baada ya kugonga. Lisishike moto."

Fundi Juma akaangalia mlango wa upande wako, jinsi ulivyokuwa umebonyea. "Mwanangu," akasema, "aliyegonga hivi hana tena mkono wa kuzima kitu."

Tulirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara. Mama alipouliza fundi amesemaje, Karisa akajibu gari litapona.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma. Maktaba ya shule ina kitabu kimoja cha injini, kimetoka jalada, na nimekikopa mara nyingi hadi Madamu wa fizikia akaniuliza kama nataka kuwa fundi. Nikamwambia labda. Sikuweza kumwambia kwamba nakutafuta wewe mle ndani. Nimejifunza kwamba gari zito halisimami kwa nguvu za mguu wa mtu. Injini ya petroli ikiwa hai huvuta hewa, na uvutaji ule ndio unaousaidia mguu kukandamiza breki. Ukizima, msaada hubaki kidogo tu kwenye kopo la breki. Unakanyaga mara mbili, labda mara tatu. Halafu pedali inakuwa jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, kama kuna mtu upande wa pili anaukataa.

Miaka yote ile, tukitegemea kukanyaga breki mara mbili tatu tu, sisi tunasikiliza upepo.

Na kuna jambo jingine. Nimekaa nalo peke yangu, na leo nakupa. Hukuwa unakula bure. Ile tabia uliitoa kwenye pikapu ya babu, uliyobebea nazi ukiwa kijana. Ile ilikuwa ya kabureta, ukiteremka injini inawaka inakunywa, ukizima umeokoa. Mgeni si wa hivyo. Petroli yake hupimwa na kompyuta. Nilikwenda kumuuliza Fundi Juma mwenyewe, sauti ikanitoka ndogo hadi akaniambia nirudie. Akanijibu, "Ukiiacha gia imo na ukaondoa mguu, haipokei hata tone. Magurudumu ndiyo yazungushayo injini. Bure kabisa, binti yangu. Marehemu hakunipa nafasi ya kumwambia."

Bure kabisa. Gia ya tatu, ufunguo mahali pake, mguu pembeni. Kile ulichokuwa unakitafuta kwa kuzima ulikuwa nacho tayari. Sijui hasira hii niiweke wapi, Baba. Siwezi kukukasirikia. Nimejaribu.

Mama alitaka kumuuza Mgeni. Akaja dalali mmoja kutoka Mkomani, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akacheka hadi akashika kiti: "Mama, gari hili hununuliwa na mtu mwenye kisima cha petroli uani." Basi Karisa akaacha chuo, akalinyoosha. Mlango wa dereva ni mpya na rangi yake haikulingana na gari, imekuwa nyeupe zaidi, nikipita macho yangu hugonga pale. Sasa anabeba watalii kama wewe. Petroli imepanda tangu uondoke, na Mgeni hakupunguza kula. Uani kunanuka petroli, pazia la sebuleni linanuka petroli. Gari likirudi huendelea kutoa mlio huku chuma chake kikipoa, ta, ta, ta, nami nakaa na kitabu changu kana kwamba kuna mtu anahesabu nje ya dirisha.

Karisa huendesha bila kiatu. Sikumwona akijifunza. Nikikaa nyuma yake naona shingo yako. Juzi Zawadi alimwita Baba, na hakuna aliyemsahihisha.

Nilimwambia. Nataka ujue kwamba nilimwambia. Alikuwa anaosha gari, nikasimama karibu na ndoo nikamweleza la kopo, la pedali, la kompyuta, yote. Alinisikiliza akisugua sehemu moja tu. Kisha akasema, "Wewe wajua vitabu, mimi najua barabara. Mzee alizima miaka yote." Nikarudia. Akaitupa sponji ndani ya ndoo, maji yakanirukia. "Kwa hivyo wataka nimwambie Mama kwamba mzee alijiua kwa petroli ya kijiko?"

Nilijifuta maji, nikaingia ndani.

Halafu leo asubuhi. Tulipopita Mazeras tukaingia barabara ya Rabai, kuna ule mteremko mfupi wenye minazi pande zote. Karisa akaweka nyutro, akageuza ufunguo. Kimya kikaja, kile kile. Shangazi, ambaye alikuwa kiti cha mbele, akapiga makofi: "Ehe! Babake mtupu huyu! Hata kuringa kwake!" Mama akafumba macho akatabasamu, Baba. Nadhani kwa dakika ile ulikuwa hai kwake. Nami nilikuwa nimeshika kiti hadi kucha zimeniuma.

Pale chini bodaboda ikatoka kijiani, imebeba madumu ya tembo la mnazi, kijana haangalii. Karisa akakanyaga. Akakanyaga tena. Mara ya tatu nikaona mguu wake umenyooka wote, na makalio yake yamenyanyuka kitini, amesimama juu ya pedali. Mgeni hakuharakisha kusimama. Alikwenda taratibu, mzito, kama ana neno na yule kijana, akaja kutulia dumu la nyuma likigusana na bampa. Kijana akatutukana, akaenda zake. Shangazi akamtukana pia, akacheka. "Mnazi wa watu nusura umwagike!" Wote wakacheka. Karisa akacheka.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona jasho likishuka kwenye shingo yako.

Alipokuja hapa kaburini kumwaga maua yake nilisogea nikamwita, "Karisa." Akasema bila kunitazama, "Nyamaza, watu wapo." Akayamwaga maua yote mahali pamoja, akaondoka. Anajua, Baba. Anajua kama ninavyojua mimi. Lakini sasa hivi nimemsikia Shangazi akimuuliza, sahani mkononi, kama mafuta yatatufikisha, maana sindano iko kwenye nyekundu tangu asubuhi, naye amejibu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Yatafika tu, Shangazi. Mazeras twala bure."

Maneno yako. Yametoka kwenye mdomo wake bila kubadilika hata kidogo. Shangazi akamgonga bega. Ukishasema hivyo mbele ya watu, na kaburi la babako liko pale, utarudi nyuma vipi?

Kwa hivyo nimeamua, na ndiyo sababu ya barua hii, kwa maana nikishakuahidi wewe sitaweza kurudi nyuma pia.

Nitaomba kiti cha mbele. Shangazi ataona sina adabu, na aone. Kabla hatujawasha nitasema, si kwa Karisa peke yake, kwa wote. Nitasema Baba alizima. Nitasema breki zilikuwa nzima. Nitasema tuchange hapa hapa, tutie mafuta pale Mazeras kabla ya kuteremka. Mama atasikia. Hilo naliogopa kuliko mteremko wenyewe, kwa sababu lile neno la polisi ndilo analolalia, nami nitakuwa nimemwondolea. Labda hatanisemesha kwa muda mrefu. Lakini heri awe na mtoto wa kumnunia.

Na sauti yangu ikikwama, unajua inavyokwama, basi mkono hautakwama. Tutakapofika pale barabara inapoinama, mkono wa Karisa ukienda kwenye ufunguo utaukuta wangu umeshafika.

Nilikupenda katika kimya kile, Baba. Niache nikiache hapa na wewe. Nataka kuisikia injini ikinguruma njia yote, mbaya, na kelele zake, na gharama yake, hadi mlangoni.

Karisa amepiga honi. Zawadi ameamka, analia. Naweka jiwe dogo hapa kichwani pako, si kwa sababu yoyote, ni kwamba mkono wangu ulitaka kuacha kitu.

Pumzika. Mgeni tuachie sisi. Leo atakula, Baba. Atakula mpaka nyumbani.

Mwalimu wako,
Sidi