Ncha ya Pili ya Shuka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, tena ile ya kupiga magoti kabisa, maana najua ukiona mwandiko wangu tu unaanza kukasirika kabla hujasoma. Hujambo? Mkono unaendeleaje? Na mama je, bado anamwambia kila mgeni kwamba mimi ni mvivu? Mwambie mwanawe siku hizi ni mtu mzito, hata viatu vinalalamika. Mimi sijambo. Nimenenepa kidogo mashavuni na wasichana wa huku wameliona hilo, ingawa bado hawajaniambia.

Nakuandikia habari za kiwandani, kwenye kazi yetu ya kufua mashuka ya hoteli. Tafadhali usiikunje barua ukaitupa. Najua ulivyoapa siku ile, mkono wako umefungwa kitambaa, kwamba hutaki tena kusikia hata harufu ya sabuni ya pale. Nilikuwepo. Ulimwomba msimamizi wetu, Mzee Haraka, apunguze mwendo wa mashine ya pasi, hakupunguza, rola likakuunguza. Ukasema swichi ya mwendo ikae mezani kwa wanaoilisha mashine mashuka, si ndani ya kibanda cha kioo cha msimamizi asiyeguswa hata na mvuke. Akakujibu kwamba ukitaka kutawala, nenda katawale kwenu. Ukavua aproni, ukaenda. Mimi nikabaki, na tangu siku hiyo nina jambo moja tu kichwani: ile swichi itatoka kibandani. Shuleni nilichelewa kuingia na nikawahi kutoka, lakini somo la ubishi nililimaliza lote.

Basi tumeletewa meneja mpya, mama mmoja mrefu mwenye miwani mikubwa. Tunamwita Mama Chati, kwa sababu siku ya kwanza alibandika chati ukutani, mishale inapanda, mishale inashuka, akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mfanyakazi atashiriki kwenye maamuzi. Akauliza nani ana maoni. Dada, ungesikia kimya kile! Mama Pacha, huyo shoga yako ambaye huku nyuma kwenye kamba za kuanikia anahutubia kama mbunge, alikuwa anachunguza kucha zake. Mzee Haraka akajibu kwa niaba yetu sote kwamba hatuna tatizo lolote na tunashukuru sana. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, usinicheke.

Akaweka sanduku la maoni mlangoni. Lilipofunguliwa lilikuwa na karatasi za pipi na kifungo kimoja cha shati. Wote wakanitazama mimi. Kifungo hakikuwa changu.

Hapo ndipo kichwa changu unachokiita kibuyu kilipofanya kazi. Nilijiuliza, watu hawa si mabubu, wanaongea kutwa. Sasa wanaongelea wapi? Wanaongea wakikunja. Wewe mwenyewe unajua, shuka kubwa la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika huku, mwenzake kule, mnavuta, mnakutana, mnaachana, na kila mkikutana neno linatoka lenyewe, kwa kuwa mikono ina kazi na macho yapo kwenye pindo. Pale mezani nimejua siri za ndoa ambazo hata wenye ndoa hawazijui.

Kwa hiyo asubuhi moja Mama Chati alipokuwa anapita, nilimpa ncha ya shuka. Nilimwambia ashike upesi, linaburuzika sakafuni. Akaweka simu mfukoni, akashika. Masikini, hajui! Alilikunja likatoka kama mfuko wa kubebea paka. Mama Pacha akaangua kicheko, kisha akaogopa, kisha akashindwa kuvumilia, akaja kumwonyesha, akimwambia asivute kama anagombana na mtu. Shuka la pili wakakunja wao wawili. Shuka la tatu Mama Pacha alikwishamweleza habari za swichi. La nne akamweleza habari za mkono wako. Lilikuwa bomba lililopasuka, dada, na mimi nimesimama pembeni nimejaa sifa kama mwenye bomba.

Tangu hapo mikutano yetu tunaifanyia kwenye meza ya kukunjia, meneja naye ameshika ncha, hakuna kiti wala chati. Na uamuzi wa kwanza ukawa huo: swichi ihamie mezani kwa wanaolisha, tujaribu.

Mzee Haraka akaja juu. Alisema tutalala juu ya mashine, na magari ya hoteli yatatusubiri mpaka yaote kutu. Akamzuia fundi umeme kuingia kibandani. Mimi na huu ulimi wangu nikamshauri atoke apate hewa, maana ameanza kufanana na sanamu ya dirisha la duka la nguo. Kidogo nifukuzwe. Mama Chati akaniamuru niombe radhi, nami nikaomba vizuri sana, mpaka watu wakasikitika. Lakini nilichoombea radhi ni habari ya sanamu. Kwenye habari ya swichi sikurudi nyuma hata hatua moja.

Swichi ikahama. Na hapa sikufichi kitu: mambo yalituharibikia. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila mkono ukiikaribia, macho yanakimbilia kibandani, kana kwamba kioo kitabweka. Baadaye wakaigusa kupita kiasi. Huyu anapunguza, yule anaongeza, mashuka yakajiviringa kwenye rola, mengine yakachanika, na dereva wa hoteli akapiga honi nje mpaka akachoka, akaingia kuuliza nani amefariki. Ndipo wenzangu wakaanza kusema mzee arudishiwe swichi yake. Hata Mama Pacha! Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Niliwaambia hatujashindwa, bado tunajifunza, na wenzetu walioungua hawakuungua ili sisi tuchoke mapema. Tukakubaliana: swichi ni ya anayelisha peke yake, na yeyote akipiga kelele ya kupunguza, inapunguzwa kwanza, maswali baadaye.

Ikaanza kwenda. Tatizo likabaki kwenye mashuka mazito, yalikuwa yanatoka na unyevunyevu, na hakuna aliyejua dawa yake. Mzee Haraka alikuwa anatutazama kupitia kioo, amenuna. Nikameza majivuno yangu, na unajua yalivyo makubwa, yalichukua muda kushuka. Nikagonga kibandani, nikampa ncha ya shuka bichi. Akaipapasa kwa vidole. Kisha akatoka, akasimama karibu na rola, akatega sikio, akamwambia Mama Pacha apunguze kidogo, kidogo tena, mpaka mvuke uache kupiga mluzi. Shuka likatoka kavu. Tangu siku hiyo hajarudi kibandani. Mle ndani sasa tunaweka vikapu.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Majuzi tulikuwa tunakunja, mimi na Mzee Haraka, yeye kule mimi huku. Tulipokutana katikati akasema, bila kuninyanyulia macho, kwamba haya yote yalisemwa na wewe, na kwamba alikuelewa siku ileile. Alikataa kwa sababu hakujua swichi ikiondoka yeye atabaki na kazi gani. Tukaachana, tukakutana tena, akauliza mkono wako unaendeleaje. Nilimwambia akuulize mwenyewe. Akasema hadhani utamsikiliza.

Siku ya pili yake tulikuwa tunachagua kiongozi wa meza ya kulisha. Kila mtu alijua nitajitaja. Hata mimi nilijua, nilikuwa nimenyoa. Lakini nilipofungua mdomo nikakutaja wewe. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mzee Haraka. Mikono yote ikainuka. Mama Chati akauliza kama mwenyewe umekubali, na mimi, mdogo wako mpenzi, nikajibu kwamba umekubali kwa furaha kubwa na unaanza Jumatatu.

Ndiyo hivyo. Kasirika, una haki, lakini kasirikia njiani. Usipokuja nitasimama mbele yao niseme nilidanganya, na aibu nitaibeba, mabega ninayo. Swichi haitarudi kibandani, uje usije, hilo nakuahidi. Ila mkono unaostahili kuishika ni ule ulioungua.

Na jambo la mwisho: Mama Pacha amegoma kukunja na mimi, anasema naongea sana. Nimebaki nimeshika ncha moja, ya pili inaburuzika sakafuni. Njoo uishike.

Msalimie mama, mwambie kitanda changu asimpe mtu. Wasalimie majirani wote, pamoja na wale wasionipenda, kama wapo. Mungu akulaze salama na akuamshe na begi mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
bingwa wa kukunja mashuka, na mbishi kuliko wewe kwa nywele moja tu.