Dakika Tisa za Sauti ya Baba

Jumatatu, tarehe 3
Wanafunzi wametoka, nimebaki ofisini na kompyuta. Apdeti za kila Jumatatu. Amri, neno la siri, mistari ikaanza kushuka. Linux, mfumo wa kompyuta yangu, hainisumbui. Katikati ya kazi umeme ukakatika, Mugoma nzima. Betri ilishakufa mwaka jana, natumia waya tu. Skrini ikazimika pale pale. Itawaka kesho.

Jumanne, tarehe 4
Umeme umerudi. Kompyuta inaandika mistari michache ya Kiingereza, kisha inaganda. Nimejaribu mara sita.

Humo ndani mna sauti ya Baba. Dakika tisa, kwa Kihangaza, lugha yetu. Baraka za harusi ya mdogo wangu Adela, alizorekodi siku moja kabla ya kupelekwa Mwanza kwa upasuaji wa koo. Wamekwisha kumpasua. Hatazungumza tena. Kwenye simu niliifuta baada ya kuihamisha, simu ilikuwa imejaa. Nakala nyingine sina. Mjinga mimi.

Jumatano, tarehe 5
Nimekwenda kwa fundi, Ngara mjini. Linux haijui. Kasema dawa ni kufomati na kuweka mfumo mwingine. Nikauliza, na mafaili? Kasema hayatabaki. Alikuwa ameshachomeka flashi yake. Nimeichukua kompyuta mikononi mwake nikaondoka bila kuaga.

Jioni Adela kapiga simu. Anataka kujua kama spika za ukumbini zitatosha kwa rekodi ya Baba. Nimesema zitatosha. Nimemdanganya.

Alhamisi, tarehe 6
Nimempigia Mwalimu Deogratias, wa fizikia. Ndiye aliyeniwekea Linux tulipokuwa shule moja, kabla hajahamia Nyamigogo. Kanikataza kuandika amri yoyote. Anadhani diski ni nzima, ila mfumo umeachwa katikati ya kubadilishwa. Anadhani. Niende kwake Jumamosi.

Ijumaa, tarehe 7
Vipindi vinne. Sikumbuki nimefundisha nini.

Jumamosi, tarehe 8
Nimefika kwa Deogratias saa tano. Ana flashi yenye Linux kamili, kompyuta ikawaka kutoka humo bila kugusa diski. Vikatokea vitufe viwili: kujaribu, na kusakinisha. Cha pili kingeweza kufuta kila kitu. Akanisogezea kipanya.

"Bonyeza mwenyewe, Mwalimu. Ni sauti ya mzazi wako."

Nikabonyeza cha kwanza.

Diski ikakataa kufunguka. Deogratias akaanza kuikagua na kuirekebisha. Mkewe akaleta chai, ikapoa. Nilimchukia kwa utulivu ule. Nilijichukia mwenyewe zaidi.

Kisha folda zikatokea. Faili lipo. Baba akakohoa, akaanza kuzungumza. Nimelia mbele ya mke wa watu.

Tulinakili kwanza, flashi tatu. Ndipo akamalizia apdeti iliyokatika. Kompyuta imewaka kama haikuwa na neno.

Jumapili, tarehe 9
Baada ya misa nimemweleza Adela yote. Kaniomba flashi moja akae nayo yeye. Ana haki.

Jumapili, tarehe 16
Baba amerudi jana. Amekonda, shingo ina bandeji. Nimepiga magoti, nikamwambia shikamoo. Akaniwekea mkono kichwani.

Nimemsikilizisha rekodi yote, dakika tisa. Alisikiliza akitazama sakafu. Ilipokwisha akaomba kalamu kwa vidole. Akaandika: Sikumtaja mama yenu.

Ni kweli. Amewataja babu, shangazi, wajomba, hata majirani wa Nyakisasa. Mama, tuliyemzika miaka mingi iliyopita, hayumo. Nilikuwa sijagundua.

Akaandika tena: Utamtaja wewe, harusini.

Nikamwambia nitamtaja. Akaendelea kunitazama, anasubiri. Nikalisema jina la Mama. Akanipa ishara ya mkono kwamba niseme taratibu. Nikalirudia, taratibu zaidi. Akafumba macho.