Kivuli cha Baba Kinabaki

Hancock, Michigan
Jumapili, Novemba

Dada yangu mpendwa Kaisa,

Kivuli cha Baba si kasoro, na hakitaondolewa kwenye kadi yetu ya Krismasi. Nimelitanguliza dai mbele ya salamu kwa kuwa nakujua: barua ndefu huisoma juu juu, ukarukia saini. Sasa salamu. Natumaini wewe na shemeji ni wazima, na kwamba jua la Tucson halijawakausha kabisa. Sisi huku hatujambo. Theluji imeshaanguka, kikohozi cha Mama kimekwisha, na nyumba nzima inanukia mkate wa iliki.

Uliniagiza nijifunze ile programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta ya nyumbani, kisha niitengeneze picha ya mwisho ambayo Baba alitupiga kule ziwani, kiangazi kile kabla hajafariki, iwe ndiyo kadi ya mwaka huu. Ukaandika, kwa lugha yako ya ofisi ya matangazo, kwamba niangaze nyuso, nikate kingo, halafu nilifute "lile dude jeusi kwenye majani". Dude lenyewe ni kivuli cha mpiga picha. Tangu utotoni tumekicheka. Siku za picha Shangazi Impi hakumwita kaka yake kwa jina. Alimwita Fundi Vivuli, naye Baba alicheka pamoja nasi, na mwaka uliofuata akarudia kosa lile lile.

Nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Mtu aliyesoma falsafa, akawabishia maprofesa wake hadi wakatazama saa, atatishwaje na brashi ya kwenye kompyuta? Nilitishwa. Programu hii huipanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine. Asubuhi nzima niliupaka uso wako mwanga, nao haukubadilika hata chembe; kumbe nilikuwa napaka tabaka la chini, lililofunikwa. Mama, aliyekuwa akikanda unga mezani, aliniuliza kama ile digrii tuliyoitundika sebuleni haikutaja brashi hata mara moja. Nikamjibu kwamba falsafa hushughulikia kiini cha mambo. Akasema, "Basi kipake mwanga hicho kiini, mwanangu, maana dada yako bado ana uso wa makaa."

Taratibu mkono ukazoea. Nilijifunza kuhifadhi nakala ya picha ya asili kabla ya kugusa chochote, kurudi nyuma hatua moja kila nilipoharibu, kuunyoosha ukingo wa ziwa uliokuwa umeinama, na hatimaye kutumia brashi ya kunakili: unachota majani safi hapa, unayapandikiza pale. Kwa brashi hiyo, katika tabaka lake la peke yake, nilikifunika kivuli kuanzia miguu hadi kichwa, mpaka ikawa kana kwamba hakuna aliyewahi kusimama mbele yetu. Nikamwita Mama aje aone. Sifichi, nilitaka kusifiwa.

Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akatazama kitambo. Alisema kazi ni safi sana. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Sasa hii picha kapiga nani?"

Nilianza kumfafanulia kanuni za picha nzuri, akaniashiria ninyamaze. Alikwenda kabatini, akarudi na kadi zetu za miaka yote, akazipanga mezani pale pale penye unga, akaniamuru niache nyuso nitazame viatu vyake. Kaisa, inuka uende kwenye friji yako, ulikobandika kadi zako, uhakikishe mwenyewe. Katika kila picha, kichwa cha kivuli kinaishia kwenye kiatu cha Mama. Si karibu nacho. Juu yake hasa.

Mama alinieleza kwamba mara ya kwanza, walipokuwa wamefunga ndoa majuzi tu, ilikuwa kweli bahati mbaya, na Baba alitaka kuitupa picha ile. Akamzuia, akimwambia kwamba hiyo ndiyo pekee ambayo mpiga picha naye yumo, tena amelaza kichwa miguuni pa mkewe. Tangu hapo Baba alisubiri jua lishuke mgongoni mwake, akasogea mbele, akarudi nyuma, nasi tukimpigia kelele, "Piga basi, Baba, mbu wanatumaliza!" Hakuwa akihangaika na kamera. Alikuwa akikipeleka kichwa mahali pake.

Najua utapinga. Utasema mtazamaji haijui siri hii, ataona doa tu. Nakujibu kwamba kadi hii haiendi kwa watazamaji, inakwenda kwa watu wetu. Utasema nimetekwa na hisia. Ni kweli, lakini hoja yako ya usafi nayo ni hisia, ila imevaa suti. Kuhusu nyuso ulikuwa sahihi, nami nimeziangaza.

Limebaki la kukiri. Ulitaka uipitishe picha kabla haijachapwa, nami sikukutumia. Mama mwenyewe alishika kipanya, nikamwonyesha mahali pa kubofya, akalificha tabaka langu la majani. Kivuli kilipotokea alisema polepole, "Karibu, mzee." Kadi zimeshachapwa, naye ameanza kuandika anwani.

Jana alasiri alitoka na kamera ya Baba, akaniweka mbele ya rundo la kuni, jua likiwa mgongoni mwake. Alisogea mbele, akarudi nyuma, nami nikatulia kwenye baridi bila kulalamika, hadi kivuli chake kilipogusa buti langu.

Basi usinijibu kwa simu, wala kwa barua. Utakapokuja Siku ya Shukrani, kabla bata mzinga hajakatwa, usimame mezani mbele ya Mama, Shangazi Impi na shemeji, uishike kadi juu wote waione, utamke kwa sauti kama lile bado ni dude jeusi.

Mama anakusalimu na kukuwekea mkate. Msalimie shemeji, na mje na makoti mazito.

Mdogo wako mbishi,
Arvid