Paa la Gari Lipo Kitandani, Upande Wako

Baba watoto,

Paa la gari lako la spoti nimelilaza kitandani, upande wako. Gari nimeondoka nalo.

Jana ulilivua ili upunge upepo na rafiki zako, kisha ukalitupia kwenye buti bila kubana makomeo ya kulishikilia. Asubuhi nampeleka mama yako kliniki ya macho, mwendesha baiskeli akakatiza mbele yetu, nikakanyaga breki. Puu! Paa likaserereka, likagonga viti kwa nyuma. Mama akapiga yowe, akashuka, akagoma kupanda tena. Alimalizia njia kwa miguu, mimi nyuma yake na gari, polepole, kama askari na mfungwa.

Nikamwambia, "Mama, ni mwanao hakulifunga."

Akanijibu, "Mwanangu ni mtu makini. Sema wewe hujui kuendesha."

Mimi! Miaka tisa sijagonga hata ndoo.

Tukirudi, ulirudishe kwenye buti mwenyewe. Tandika blanketi kwanza. Pini za mbele ziingie kwenye matundu yake, ubane makomeo yote mawili mpaka yalie ta! Halafu livute kwa mkono. Likicheza, hujafunga.

~~Chakula kipo jikoni, kipashe moto.~~ Jipikie.

Naenda kumchukua mama. Kliniki wamenipigia: ametiwa dawa ya macho, haoni vizuri, na bado anasema atarudi kwa miguu. Nikifika nitakupigia simu, nitaweka sauti kubwa. Mwambie kwa kinywa chako nani aliacha makomeo wazi. Na usitafune maneno.

Mkwe wa mama yako